Uzi: Kuwinda dia kwa rivolva, mwisho wangu ni yadi 25 na nawaeleza kwanini

Mgosi_Ughaibuni

Heshima kwenu wakuu.

Kuna mdau kwenye ule uzi wa bunduki alisema kuwinda na bastola ni mambo ya sinema, nikamjibu nitafungua uzi wangu nikipata nafasi. Leo niko off, nje theluji inashuka, hakuna pa kwenda, ngoja nimwage yote.

Kwanza tuelewane maneno. Dia hapa sio mpenzi. Ni yule mnyama wa huku Marekani ambaye mkia wake kwa chini ni mweupe, akishtuka anauinua juu anaenda nao kama mtu anayepunga leso bandarini. Kamusi zinasema kulungu, nyingine paa, mimi nimekulia Handeni kulungu namjua, kulungu wetu pembe anayoota nayo ndo anakufa nayo, huyu wa huku dume pembe zinadondoka kila mwaka baada ya msimu wa kupandana halafu zinaota upya. Kwahiyo tukubaliane ni dia tu, tusigombane.

Rivolva ni bastola ya kizamani, ile yenye silinda inazunguka. Yangu ni Ruger Super Blackhawk ya .44 Magnum, mtutu inchi 7 na nusu, nimenunua mtumba kwa mzee mmoja. Ni ile ambayo lazima uvute nyundo kwa dole gumba kila unapotaka kupiga, na risasi unaziingiza moja moja kwa kilango cha pembeni. Polepole kabisa. Ukiwa na haraka zako hii sio silaha yako.

Niko Columbus, Ohio, mbeba boksi kama wenzangu, shifti ya usiku. Shamba ninalowinda ni la mzungu mmoja mstaafu kule Marion, saa moja kwa gari kwenda kaskazini, mahindi na soya halafu katikati kuna msitu wa mialoni. Amenipa ruhusa ya maandishi, na sisemi kwa kujisifu, Ohio ukiingia shamba la mtu kuwinda bila karatasi aliyosaini mwenyewe una kesi.

Sasa kwanini bastola wakati kuna bunduki ndefu? Babu yangu alikuwa na gobole. Unashindilia baruti, unashindilia goroli, una nafasi moja, na ukipiga kwa mbali umeharibu baruti ya watu. Babu alikuwa anasogea mpaka anasikia mnyama anatafuna. Hilo neno nilikua nalo kichwani, nikafika huku nikakuta watu wanapiga dia kwenye mita mia mbili huku wanakunywa kahawa, sikuona utamu. Na cha kuchekesha huku gobole lina msimu wake rasmi wa serikali, siku 4 mwezi wa kwanza, kwetu ukikutwa nalo bila kibali unalala ndani.

Ngoja nichukue chai nakuja na mkasa wa msimu uliopita, ndo sababu ya hiki kichwa cha uzi.

Kichwa_Ngumu

Umesema unaenda kuchukua chai, chai si ndo hii umetuletea tayari 😂😂 bastola imuue mnyama mkubwa? Labda umfuate umpige nayo kichwani kama rungu

mama_Twins

nimeweka kiti hapa, mgosi rudi

Buda_254

Huku kwetu uwindaji ulipigwa stop 1977 na haujarudi, kwa hivyo sisi tunasoma tu kama watu wa kuangalia mechi kwa dirisha. Endelea buda.

Mgosi_Ughaibuni

Kichwa_Ngumu nakujibu wewe kwanza.

Risasi yangu ina uzito wa gramu 15 na nusu, inatoka kwa mwendo wa mita 400 hivi kwa sekunde. Ukilinganisha na bunduki ya .30-06 ambayo wengi huku wanawindia, nguvu yake ni kama theluthi moja. Theluthi! Kwahiyo una hoja hapo. Ila ile risasi ni nene, karibu milimita 11, na ni nzito, ikipita mbavuni inatokea upande wa pili, inaacha tundu mbili na mapafu yameisha kazi. Mnyama anakufa kwa kuishiwa damu na pumzi, na kama umepiga mapafu yote mawili ni sekunde chache tu. Ukikosea sehemu usitegemee kishindo kikusaidie, hakuna kishindo pale, una tundu tu. Tundu lilipo ndipo lilipo.

Na hii .44 Magnum sio kitu cha jana, Smith & Wesson na Remington waliitoa mwishoni mwa 1955, na aliyewasumbua miaka mingi ni mchunga ng'ombe wa Idaho anaitwa Elmer Keith, alikua anajishindilia mwenyewe baruti nyingi kwenye risasi za .44 Special, zile laini zilizotangulia Magnum, mpaka wakubwa wakamsikiliza. Huyo ndo baba wa uwindaji wa rivolva.

Sasa mkasa. Huu unaniuma bado.

Msimu uliopita ulikua wa kwanza kwangu na rivolva. Duka nililonunua risasi, kijana wa kaunta akaniambia hii .44 ni bunduki kamili, yadi mia unampata vizuri tu. Mimi nikameza. Nilikua nimepiga karatasi uwanjani labda mara nne, nyingi kwenye yadi 15 hivi, zikawa zinaingia, nikajiona komandoo.

Jioni ya siku ya tatu jike akatoka pembezoni mwa shamba la soya lililokwisha vunwa. Nimeegemea mti, mikono miwili, moyo unaenda kama ngoma ya mdumange. Nilijua ni mbali ila nikajiambia mbona anaonekana mkubwa. Nikapiga. Akakunja mgongo kama paka aliyemwagiwa maji, hakuruka, akatembea taratibu akaingia msituni.

Waliowahi kuwinda wanajua hapo tayari. Akikunja mgongo vile umepiga matumbo. Unatakiwa ukae, usimfuate, masaa sita, nane, ikibidi mpaka kesho, maana akilala anafia palepale alipolala. Mimi nikaondoka mbio nyuma yake. Nikamwinua alipolala mara ya kwanza, nikamwinua mara ya pili. Giza likaingia, nikampigia mwenye shamba, mzee ana miaka 74, akaja na tochi na karatasi ya chooni mfukoni. Kila tone la damu tunaweka kipande cha karatasi juu ya jani ili ukigeuka nyuma uone mnyama ameelekea wapi. Damu nyeusi nyeusi, imechanganyika na majimaji ya kijani, harufu ya nyasi zilizochacha. Mzee akanusa kidole, akasema turudi nyumbani.

Asubuhi tulimkuta mita mia tatu mbele karibu na mtaro, mapaja yote mawili yameliwa na koyote, hao ni kama mbweha wetu ila wakubwa. Mzee hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Nikajaza kibali changu kwa mzoga ule, maana nimemuua mimi, msimu wangu ukaisha hapo.

Tulipima baadae kwa kamba kutoka kwenye mti. Yadi 61.

Kichwa_Ngumu

Daah. Pole mkuu, nimefuta neno chai.

Luteni_Mstaafu

Kijana nimebeba silaha miaka 22, kosa lako sio yadi 61, kosa lako ni kutojua kiwango chako. Bastola kwa askari tulikua tunaambiwa mita 25, zaidi ya hapo ni dua. Swali, ulikua hukonyezi kweli? Maana hiyo .44 inapiga teke kama punda, na mtu akishaogopa teke anavuta triga huku anafumba macho na kusukuma mkono chini.

Mgosi_Ughaibuni

Afande umegonga penyewe. Nilikua nakonyeza vibaya na sikua najua.

Yule mzee alinigundua kwa njia ya kitoto kabisa. Tulienda nyuma ya banda lake mwezi wa nne, akachukua bastola yangu akanigeuzia mgongo, akaweka risasi tatu na maganda matupu matatu, akazungusha silinda, akanipa. Sijui ipi ina moto ipi haina. Ya kwanza puu. Ya pili nyundo ikashuka tak, tupu, na mtutu ukazama chini kama jembe, peke yake, bila risasi! Niliona aibu nikacheka. Yani mlio haupo, teke halipo, ila mkono wangu umeshajihami tayari.

Dawa yake ilinichukua majira yote ya joto. Kila jioni kabla ya shifti risasi za plastiki za mazoezi, nyundo juu, lenga kitasa cha kabati, vuta taratibu, mara 30. Nimeweka sarafu ya senti 10 juu ya mtutu, ikidondoka haihesabiki. Mke wangu alidhani nimechanganyikiwa. Uwanjani nikaanza na .44 Special ambazo ni laini na zinaingia bastola ileile, nikapanda polepole.

Na masikio wakuu, hii kitu inapita desibeli 160, mara moja tu bila kinga inaweza kukuachia mlio wa nzige maisha yako yote. Navaa zile za kielektroniki, sauti ndogo zinakuzwa, mlipuko unazibwa. Kitu kingine wageni wa rivolva hawaambiwi, kati ya silinda na mtutu pana uwazi mwembamba kama karatasi, moto na gesi vinachomoka pale kwa pembeni. Ukishika mbele ya silinda kama unavyoshika bunduki ndefu kidole kinachunwa. Ukiegemeza kwenye tawi, egemeza mikono, usiegemeze chuma.

Sasa kipimo changu. Sahani ya karatasi, ile ndogo ya keki, inchi 6. Eneo la moyo na mapafu la dia ni kama inchi 8, kwahiyo sahani inakuibia kidogo makusudi. Risasi tano, mkono haujaegemea kitu, tano zote ziingie. Nne haitoshi. Yadi 15 tano. Yadi 25 tano. Yadi 40 tatu, siku nzuri nne. Yadi 60 sahani inanicheka. Basi mwisho wangu 25, hata atokee dume mwenye pembe kama mti wa krismasi kwenye 35 namuangalia anapita. Kuna watu wanaweka darubini wanapiga 100 vizuri tu, siwapingi, ila wao sio mimi.

Buda_254

Lakini huyo Elmer Keith si alisema aliwahi kuangusha dia kwa yadi 600 na hiyo .44? Ama ni zile za wazee

Mgosi_Ughaibuni

Alisema, na watu wanabishana mpaka leo. Ila wanaomnukuu wanasahau kusimulia kwamba yule mnyama alikua ameshajeruhiwa na bunduki ya mwenzake anatoroka, jamaa akawa anajaribu asipotee. Hakukaa akasema leo nampiga wa yadi 600. Kijana wa kaunta nadhani alisoma nusu ya hadithi.

Binti_Kiwangwa

Mimi niulize, si mnawamaliza tu hao wanyama? kwanini msinunue nyama dukani, mko Marekani bwana nyama si ipo

Mgosi_Ughaibuni

Dada swali zuri. Walishawahi kumalizwa kweli. Ohio ilipofika 1904 dia walikua wameisha kabisa, misitu imefyekwa na kila mtu anapiga anavyotaka. Wakaanza kurudi miaka ya 1920, msimu wa kwanza wa kuwinda baada ya hapo ukafunguliwa 1943 kwenye kaunti 3 tu. Leo wapo kaunti zote 88, wanakula mahindi ya watu, wanaingia barabarani, mimi mwenyewe Corolla yangu ya kwanza huku iliuliwa na dia saa kumi alfajiri natoka shifti. Simba na chui wa kuwapunguza hawapo. Hela ya kuwatunza nayo inatoka kwa hawahawa wawindaji, kuna sheria ya 1937 inaitwa Pittman-Robertson, ukinunua bunduki ndefu au risasi asilimia 11 imo ndani ni kodi, bastola asilimia 10, inarudi kwenye majimbo kwa ajili ya wanyamapori.

Kuhusu dukani, nyama ya dia haiuzwi buchani hivihivi. Aliyepigwa porini hauzwi. Unakula wewe na unaowagawia.

Ustaadhi_wa_Pwani

Assalam aleykum. Mgosi nimekuona mtu wa Handeni, jina lako nalihisi ni la kwetu. Hiyo nyama unaila vipi, amekufa kwa risasi hajachinjwa?

Mgosi_Ughaibuni

Waaleykum salaam ustaadhi. Hili nililiuliza msikitini kabla sijanunua hata hiyo bastola. Nilichoelezwa, mniweke sawa nikikosea, ni kwamba mawindo yana hukumu yake, unataja jina la Allah wakati unapiga, ukimkuta ameshakufa kwa jeraha ni halali, ukimkuta bado ana uhai unamchinja. Mimi Bismillah naitamka nyundo ikiwa juu, na kisu kiko kiunoni.

Ustaadhi_wa_Pwani

Umesema vyema ila usiseme kama hakuna ikhtilafu. Asili yake ni hadithi ya Adi bin Hatim, aliuliza kuhusu kuwinda kwa fimbo ya kurusha, akajibiwa ikitoboa kula, ikipiga kwa ubapa wake usile. Bunduki zilipokuja wanazuoni wakagawanyika, je risasi inatoboa au inaponda? Wengi wa zama hizi wanasema inatoboa na wanaruhusu, ila wapo hasa katika Mahanafi, madhehebu ya Wapakistani wengi, wasiokubali mpaka ukute uhai uchinje. Ukimgawia jirani Mpakistani mwambie ukweli aliuawaje, aamue mwenyewe.

Mgosi_Ughaibuni

Hiyo sikuijua. Na msikitini kwetu robo tatu ni Wahindi na Wapakistani 🙈 nilishagawa. Nitawauliza.

Mutoto_ya_Bukavu

Ndugu, miye niko Dayton, tuko bacongomani mingi huku. Nilifika kama refugee, sasa niko na grini kadi, raia bado. Naweza kuuza hiyo bunduki bila matatizo? Na kazi ya kuwinda naanza wapi?

Luteni_Mstaafu

Kuuza? Unaanza kuwinda kwa kuuza bunduki? 🤔

Mgosi_Ughaibuni

Afande, Kiswahili cha Congo kuuza ndo kununua, kuuza kwetu wao wanaita kuuzisha. Nilishawahi kugombana na jamaa wa Goma kuhusu kochi kwa sababu hiyohiyo, kila mtu anadhani mwenzake anauza.

Mutoto, sikiliza vizuri. Mwenye grini kadi anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua silaha, huna haja ya kusubiri uraia. Bastola kutoka dukani lazima uwe na miaka 21, bunduki ndefu 18. Utajaza fomu 4473 na watakukagua rekodi. Kwenye hiyo fomu usidanganye hata kitu kimoja, ukidanganya ni kosa la jinai la shirikisho na ndoto za uraia zitakufuata shimoni. Kuna swali la bangi, Ohio bangi imeruhusiwa tangu 2023 ila fomu ni ya shirikisho, huko bado, vijana wengi wanajikwaa hapo. Waliohukumiwa kesi za kupiga mke nao basi. Wenye viza za muda kama wanafunzi kwa kawaida hawaruhusiwi, mlango wao mmoja uliozoeleka ni kuwa na leseni halali ya uwindaji, na huyo nampa ushauri aongee na mwanasheria kwanza sio mimi mbeba boksi.

Unapoanzia ni darasa la usalama la wawindaji, bila hilo hupati leseni ya kawaida ya kuwinda peke yako. Halafu leseni, halafu kibali cha dia ni kingine peke yake. Bastola ya dia Ohio mtutu usipungue inchi 5 na risasi iwe ya ganda lililonyooka, lisilobanwa shingoni, unene .357 kwenda juu. Kizibao cha rangi ya chungwa lazima wiki ya bunduki. Unapiga kuanzia nusu saa kabla jua halijachomoza mpaka nusu saa baada ya kuzama, na ukishaua unaripoti mwisho saa sita mchana ya kesho yake.

Mutoto_ya_Bukavu

Aksanti sana. Njo vile, bunduki nitauza, sitauzisha 😂

mama_Twins

mgosi mwaka huu ulipata au ulitoka kapa? maana tumefika huku hatujaona nyama

Mgosi_Ughaibuni

Nakuja mama.

Msimu wa bunduki Ohio unafunguka Jumatatu baada ya Thanksgiving, ile sikukuu yao ya shukrani mwishoni mwa mwezi wa 11. Nilitoka shifti, sikulala, saa kumi na moja niko Marion. Baridi ya kukata masikio. Mzee kanifungia dungu kwenye mwaloni mmoja, yani dungu kama lile la kuamia ndege kwenye mpunga ila hili la chuma, ngazi na kiti juu, futi 16. Nikafunga mkanda wa usalama kabla mguu haujaacha ardhi, wawindaji wanaoumizwa na kuanguka huku ni wengi kuliko mnavyodhani. Bastola niliifunga kwa kamba ikiwa tupu, nikapanda, nikaivuta, nikajaza juu. Ya kwangu ni toleo la baada ya 1973, ina kizuizi ndani, nyundo ikigongwa haijifyatui, unaweza kutembea na risasi sita. Ya mzee ni ya zamani zaidi na anaweka tano tu, tundu lililo chini ya nyundo anaacha wazi, hata akiwa amekaa sebuleni.

Upepo nilipima kwa unga wa dona, nina kichupa kidogo cha dawa nimetoboa kifuniko. Unapuliza kidogo unaona unakoelekea. Ukiwa yadi 25 pua ya dia ndo adui yako, macho unaweza kuyadanganya, pua huidanganyi. Unga ulikua unaenda mashariki, mahindi yako magharibi, vizuri.

Saa moja na nusu hivi akaja jike na watoto wawili wakubwa wakubwa. Wakasogea mpaka chini yangu, nadhani yadi 12. Jike akanyanyua uso akasimama ananitazama kifua kwa kifua. Yadi 12 wakuu! Sahani ningeigonga nimefumba macho. Ila mnyama akikuelekea uso mapafu yamejificha nyuma ya mfupa na tumbo liko nyuma yake lote, rivolva hapo unachezea. Sikuvuta hata nyundo. Alipiga mguu chini mara mbili, tup, tup, akaondoka zake. Mikono ilianza kutetemeka baada ya yeye kuondoka, sijui kwanini baada.

Kama dakika arobaini zikapita. Kindi anachakura majani unadhani ni tembo. Halafu kwenye njia ileile dume mdogo, pembe kila upande ncha tatu, anaokota mbegu za mwaloni hana haraka. 40. 30. Nilikua nimehesabu hatua mchana wake nikafunga kitambaa kwenye kijiti cha 25. Akafika kwenye kijiti akasimama kwa nyuma yake. Anatafuna, nasikia kwenye zile kinga za masikio krach krach krach. Nikamkumbuka babu.

Akapita kijiti. Kichwa chake kilipoingia nyuma ya shina la mti nikavuta nyundo, maana ile sauti, ta-tak, kwenye baridi inasikika kama mlango. Akatokea upande wa pili, amenipa ubavu na kidogo anaelekea mbali na mimi, hiyo ndo nafasi bora, risasi inaingia nyuma ya bega inatafuta bega la upande wa pili. Kinundu cha kulengea kilicho mbele ya mtutu nikakiweka theluthi ya chini ya kifua. Bismillah. Sikusikia hata mlio nakumbuka moto tu na mikono ikaenda juu.

Aliruka teke la nyuma kama punda, akakimbia, nikasikia vijiti vinavunjika, halafu kimya.

Nikaangalia saa. Saa mbili na dakika 22. Nikajiambia hadi 2:52 hushuki hapa. Wakuu hiyo nusu saa ni ndefu kuliko shifti. Mzee alikua amesikia mlio akanitumia meseji "?" nikamjibu "nasubiri" akanitumia dole gumba. Nadhani ile dole gumba ndo kitu kilichonifurahisha kuliko vyote.

Niliposhuka, pale aliposimama palikua na nywele na damu nyekundu ya kung'aa ina mapovu mapovu kama sabuni. Mapovu ni mapafu. Karatasi ya chooni nilikua nayo, nilitumia vipande vinne tu. Alikua amelala hatua 48 kutoka alipopigwa. Jicho nililigusa kwa kijiti, halikupepesa. Hatua kutoka dungu mpaka aliposimama nilihesabu mara mbili, 19.

Luteni_Mstaafu

Safi. Yule jike wa yadi 12 ndo amenifurahisha zaidi.

Kichwa_Ngumu

Mkuu na huyo dume mmemla lini? picha ziko wapi

Mgosi_Ughaibuni

Picha sipandishi, mke kakataa.

Kula bado. Marion ni kwenye kaunti zile za ufuatiliaji wa ugonjwa wa kudhoofika wa dia, ule unaokula ubongo, mnyama anakonda anatoa udenda anazurura. Ohio wamemuona wa kwanza wa porini mwisho wa 2020, kaunti ya jirani, Wyandot. Haijathibitika umewahi kumuingia mtu ila wataalamu wanasema ukitoka na majibu kwamba anao usile. Kwahiyo nilipeleka kichwa wachukue tezi za shingoni, uti wa mgongo na ubongo havitoki eneo lile, nyama nikaichambua kwenye mfupa nikaweka friza imeandikwa SUBIRI kwa maandishi makubwa maana watoto wangu ni majangili. Nyama iliyozunguka njia ya risasi nimekata kiganja kizima kila upande nikatupa, vipande vya risasi vinasambaa kuliko unavyoviona.

Sarara mbili za mgongoni ziko peke yake. Hizo nitachoma kwa ndimu na chumvi tu.

Binti_Kiwangwa

na mapaja?

Mgosi_Ughaibuni

Paja moja la mzee. La pili nazi.

Mgosi_Ughaibuni

Mrejesho wakuu: majibu yametoka jana usiku, mzima. Mutoto nimekutumia inbox, ukija Jumamosi njoo na sombe, kile kisamvu chenu, huku kwetu hatuipati ya maana.

Mutoto_ya_Bukavu

Nakuja na sombe na bibi na batoto bane. Kata nyama mingi.